Pumzi Inayorudi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwa 2:1–3, Kut 23:12, Kut 31:12–17, Kum 5:12–15, Mhu 2:1–11, Isa 58:3–14, Zek 8:4, 5, Mk 6:30–46, Lk 13:10–17.

Fungu la kukariri: Kutoka 23:12. Kila mwanafunzi alisome katika Biblia yake na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Jua linapozama siku ya Ijumaa huko Ngenge, wilayani Muleba, mkoani Kagera, nyumba ya Mwadventista huwa imeshafagiliwa. Maji yamechotwa, nguo zimefuliwa, chakula cha kesho kiko tayari. Familia inakusanyika kuifungua Sabato kwa wimbo na sala. Kesho watakwenda kanisani pamoja, na baba ataongoza kikundi chake katika lesoni. Baada ya ibada watakula, watakaa kivulini kwa mazungumzo, na jioni watamtembelea mgonjwa.

Lakini ng'ombe hawaijui Sabato. Asubuhi hiyohiyo, kabla kengele ya kanisa haijagongwa, kijana aliyeajiriwa kuwachunga atafungua zizi na kuwapeleka malishoni, kama alivyofanya jana na kama atakavyofanya kesho. Mama naye, aliyeanza kazi alfajiri ya Ijumaa ili kila kitu kiwe tayari, anaingia Sabato akiwa amechoka kuliko siku nyingine yoyote ya juma.

Nyumba ya namna hii si moja, wala haiko Ngenge peke yake. Watu wake wanampenda Mungu na wanaitunza siku yake. Hata hivyo, kuna swali ambalo nyumba hiyo haijajiuliza. Pumziko la baadhi ya watu likinunuliwa kwa uchovu wa wengine, je, hilo bado ni pumziko lile ambalo Mungu alilibariki? Na mapumziko ni nini hasa? Ni muda usio na kazi tu, au kuna kitu ambacho lazima kirudi ndani ya mtu ndipo isemwe kwamba amepumzika?

Jifunze somo hili kwa ajili ya Sabato ijayo.


JUMAPILI

Neno na Mizizi Yake

Kiingereza kina neno "recreation". Siku hizi wengi hulitumia kwa michezo, matembezi, likizo na kila jambo ambalo mtu hulifanya ili kujifurahisha. Asili yake ni neno la Kilatini "recreare", yaani kuumba tena, au kumrudishia mtu nguvu zake. Neno hilo lilipitia Kifaransa na kuingia katika Kiingereza karibu na mwisho wa karne ya 14. Wakati huo lilimhusu mtu aliyeburudishwa kwa chakula, au aliyepata nafuu baada ya ugonjwa. Maana ya michezo iliongezeka kwa kuwa watu waliona kwamba mchezo nao unaweza kumrudisha mtu aliyechoka. Baadaye jina likabaki kwa mchezo, hata pale ambapo mchezo wenyewe haumrudishi mtu yeyote.

Kiswahili nacho kina hazina yake. Kupumzika ni neno lililozaliwa na pumzi. Mwenye kupanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani hutua mzigo, na jambo la kwanza analolipata ni pumzi yake. Kuburudika kumetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule wa neno baridi. Ni hali ya mtu aliyechomwa na jua akapata kivuli na maji ya mtungini. Starehe nalo limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupatia pia maneno raha na roho.

Lakini neno starehe limepatwa na mambo yaleyale yaliyolipata neno la Kiingereza. Leo mtu akiitwa mtu wa starehe, watu hawadhani kwamba roho yake imeburudishwa. Wanafikiria pombe, usiku mrefu na mfuko mtupu. Neno lililo ndugu wa roho limekuwa jina la mambo yanayoichosha roho.

Asili ya neno haithibitishi fundisho la imani. Maandiko ndiyo yanayofanya hivyo. Ila neno linaweza kumkumbusha mtu jambo alilolisahau. Hapa linakumbusha kwamba mapumziko hupimwa kwa kile yanachokirudisha.

Soma Kutoka 31:17 na Kutoka 23:12. Biblia yako inatumia maneno gani kueleza alichofanya Mungu siku ya saba, na kile ambacho mgeni anapaswa kukipata?


JUMATATU

Mungu Aliyestarehe

Soma Mwanzo 2:1–3. Kwa nini Mungu, ambaye kwa mujibu wa Isaya 40:28 hachoki wala hazimii, alipumzika?

Kutoka 31:17 inaongeza jambo la kushangaza. Haisemi tu kwamba Mungu aliacha kazi. Inatumia neno jingine la Kiebrania ambalo Biblia ya Kiswahili ya Union imelitafsiri kuwa kustarehe. Neno hilo ni la ukoo mmoja na "nefesh", neno linalotumika katika Mwanzo 2:7 pale Adamu anapopuliziwa pumzi na kuwa nafsi hai. Hata neno letu nafsi, lililofika kwetu kwa njia ya Kiarabu, ni la ukoo huohuo, na neno nafasi pia. Mtu anaposema hana nafasi, kwa mizizi ya neno anasema kwamba hana pa kuvutia pumzi.

Kitenzi hicho cha Kiebrania kinaonekana mara tatu tu katika Agano la Kale. Katika Kutoka 31:17 kinamhusu Mungu mwenyewe baada ya uumbaji. Katika Kutoka 23:12 kinamhusu mwana wa mjakazi na mgeni. Katika 2 Samweli 16:14 kinamhusu Daudi, aliyekuwa akimkimbia Absalomu, ametukanwa na kurushiwa mawe njiani, akafika mahali pa kutua yeye na watu wake wakiwa wamechoka.

Hao watatu wako mbali sana mmoja na mwingine. Wa kwanza hakuhitaji kupumzika. Wa pili alihitaji, lakini hakuwa na uwezo wa kujipa pumziko, kwa sababu siku zake zilikuwa mikononi mwa mwingine. Wa tatu alikuwa mfalme, na siku ile hakuwa na kiti. Maandiko yanawapa wote neno moja. Kile ambacho Mungu alikifurahia katika siku ya saba ya dunia ndicho anachotaka mtoto wa mtumishi akipate pia.

Tazama tena mpangilio wa Mwanzo. Adamu aliumbwa siku ya sita, na siku yake ya kwanza iliyo kamili ilikuwa Sabato. Alipumzika kabla hajalima tuta hata moja. Kwa hiyo tangu mwanzo pumziko halikuwa mshahara wa waliofanya kazi vizuri. Lilikuwa zawadi, na mpokeaji wake wa kwanza hakuwa na jasho la kuonyesha.

Tafakari: Je, wewe hupumzika ukiwa na amani, au hujisikia kwamba lazima kwanza ustahili? Maisha ya Adamu ya siku ya kwanza yanakujibu nini?


JUMANNE

Siku za Mbalamwezi

Upande mwingine wa wilaya ya Muleba ni ziwa. Katika visiwa kama Bumbire na Goziba, wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku. Huwasha taa juu ya maji, na dagaa hukusanyika kwenye mwanga. Lakini mwezi unapokuwa mpevu, anga lote huwa na mwanga, na taa ya mvuvi haiwavuti dagaa kama kawaida. Hivyo kila mwezi huja siku ambazo mitumbwi huvutwa pwani na wavuvi hukaa bila kazi.

Wafikirie wavuvi wawili katika siku hizo. Mmoja analala hadi uchovu umwishie. Anashona nyavu zake bila haraka, anacheza mpira mchangani na wenzake, kisha anapanda mtumbwi wa abiria kwenda kuwaona watoto wake. Mwingine anaingia kwenye pombe siku ya kwanza, siku ya pili anabeti kwa pesa iliyobaki, na siku ya tatu anakopa. Giza linaporudi, wote wawili wanarudi ziwani. Kwa hesabu ya siku, wamepumzika sawa. Lakini wa pili anaingia mtumbwini akiwa amechoka kuliko alipotoka, na tayari ana deni.

Soma Mhubiri 2:1–11. Mhubiri alijaribu anasa za kila aina na hakujinyima chochote. Alipoyapima yote, alipata nini?

Wengine hulisoma fungu hili na kuamua kwamba kila furaha ni hatari, na kwamba Mkristo mwema ni yule asiyecheza. Zekaria alioneshwa jambo tofauti. Mungu alipotaka kumwonesha nabii jinsi Yerusalemu iliyorejezwa itakavyokuwa, alimwonesha wazee wameketi na mikongojo yao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wakicheza (Zek 8:4, 5). Mchezo wa watoto ulikuwa dalili ya mji uliopona. Na Yesu alifanya ishara yake ya kwanza harusini (Yn 2:1–11).

Mwaka 1903, mwaka uleule ambao wamishonari wa kwanza wa Kiadventista walifika Giti, Upare, Ellen G. White alichapisha kitabu chake Elimu. Humo aliweka sura nzima juu ya jambo hili, na akatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna mapumziko yanayomtoa mtu kwa muda katika shughuli zake, yakamjenga mwili na akili, akarudi kazini na nguvu mpya. Na kuna kujifurahisha kunakotafutwa kwa ajili ya raha yenyewe, ambako mara nyingi huzidi kiasi na kula nguvu zilizokuwa za kazi na za maisha. Kipimo chake kilikuwa katika matokeo. Mtu anarudije?

Kanisa linalowakataza vijana kila mchezo bila kuwapa chochote badala yake halijawalinda. Limewaachia wengine kazi ya kuwaburudisha.

Tafakari: Fikiria jambo moja ulilolifanya juma hili kwa ajili ya kupumzika. Ulirudi kutoka hapo ukiwa na hali gani?


JUMATANO

Mwana wa Mjakazi na Mgeni

Kipimo cha jana ni kizuri, lakini hakitoshi. Mtu anaweza kupumzika vema, akarudi na nguvu mpya na moyo wa shukrani, huku pumziko lake limemgharimu mwingine. Baba wa Ngenge anarudi kutoka kanisani akiwa ameburudika kweli. Wimbo umemgusa, mafundisho yamemjenga. Kwa kipimo cha Jumanne, amefaulu.

Soma Kutoka 23:12. Siku ya saba inatolewa kwa kusudi gani, na ni akina nani wanaotajwa?

Fungu hili linaeleza kwamba mwenye shamba aache kazi ili wengine wapate pumzi. Wanatajwa ng'ombe na punda, kisha mwana wa mjakazi, kisha mgeni. Hao ni wale ambao hawawezi kuamua wenyewe kwamba leo hawatafanya kazi. Kumbukumbu la Torati 5:14 inasema wazi kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike vilevile kama mwenye nyumba, na fungu la 15 linatoa sababu: Israeli walikuwa watumwa Misri. Aliyewahi kunyimwa pumziko hapaswi kumnyima mwenzake.

Mwenye ng'ombe anaweza kujitetea. Kijana yule si Mwadventista, atasema. Haitunzi Sabato, na analipwa kila mwezi kwa makubaliano. Akipewa siku, huenda akaitumia vibaya. Tena ng'ombe hawawezi kuachwa wenyewe. Wakiingia katika shamba la jirani, jioni kutakuwa na ugomvi, pengine wa mapanga.

Hoja hizi si za kupuuzwa, hasa ile ya mwisho, mahali ambapo mkulima na mfugaji wanaishi bega kwa bega. Lakini amri inamtaja mgeni kwa jina hilohilo, bila kuuliza anaamini nini. Mara nyingi kijana anayechunga ametoka mbali na kwao, hana ndugu karibu. Yeye ndiye mgeni hasa aliye ndani ya malango. Mshahara unalipia kazi yake. Haununui pumzi yake ya siku zote saba. Na kama ataitumia siku yake vibaya, hilo ni lake yeye na Mungu, kama ilivyo kwa mwenye ng'ombe pia.

Soma Isaya 58:3. Watu walifunga, wakalalamika kwamba Mungu haoni. Alijibu nini juu ya watenda kazi wao?

Sura hiyo inayoanza na kilio cha vibarua inamalizika na ahadi kwa wanaoiita Sabato furaha (Isa 58:13, 14). Isaya hakuzitenganisha sehemu hizo mbili. Na ndani ya nyumba swali ni lilelile. Siku ya maandalio iliwekwa ili wote waingie Sabato wakiwa wepesi. Ikiwa maandalio yote yako mikononi mwa mama na binti mmoja, basi kuna mjakazi nyumbani, hata kama hakuna anayeitwa hivyo.


ALHAMISI

Pumziko Lililokatizwa

Soma Marko 6:30–34. Yesu aliwaalika wanafunzi wake wafanye nini, na ni nini kilichotokea walipofika?

Mitume walirudi kutoka katika utume wao. Watu walikuwa wengi, wakija na kwenda, hata hapakuwa na muda wa kula. Kazi ilikuwa njema, na mahitaji yalikuwa makubwa. Hata hivyo Yesu aliwaambia waende kando, mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo. Hakuwaambia kwamba mtumishi mwaminifu hachoki.

Lakini watu waliuona mtumbwi ukiondoka, wakakimbia kwa miguu na kutangulia kufika. Yesu aliposhuka aliwaona, akawahurumia, akaanza kuwafundisha. Pumziko likakatizwa. Hapa ndipo wengi husema kwamba upendo ukihitajika, pumziko lisubiri. Ni kweli, lakini angalia ni nani aliyelipa. Aliyewafundisha watu wale hadi saa zikapita ni Yesu mwenyewe. Na jioni, baada ya watu kula, aliwapandisha wanafunzi mtumbwini watangulie, akabaki peke yake kuwaaga makutano, ndipo akapanda mlimani kuomba (Mk 6:45, 46). Alijiwekea nafasi ya mwisho ya kupumzika.

Katika Luka 13:15 Yesu anawakumbusha wakosoaji wake kwamba kila mmoja wao humfungua ng'ombe au punda wake siku ya Sabato na kumpeleka kunywa maji. Hakulaumu jambo hilo. Ni tendo la huruma. Ng'ombe wa Ngenge nao lazima wanywe. Lakini katika maneno ya Yesu, anayemfungua ng'ombe ni mwenye ng'ombe.

Basi yako mambo ambayo nyumba inaweza kuyafanya. Majani mengine yanaweza kukatwa Ijumaa ili mifugo ikae zizini muda mrefu zaidi. Baba na wanawe wanaweza kuwapeleka ng'ombe majini kwa zamu, na familia mbili au tatu za kanisa moja zinaweza kusaidiana. Hakuna njia isiyo na gharama. Siku ya zamu yake, baba atakosa kuongoza lesoni, na kikundi kitahitaji mwalimu mwingine. Pengine atasikitika, kwa sababu anaipenda ibada. Lakini gharama ya Sabato itakuwa imelipwa na yule anayeiamini, na kijana mgeni atakuwa ameketi kivulini, akila chakula kilekile pamoja na watoto wa nyumba. Huenda siku moja akauliza kwa nini.

Tafakari: Katika nyumba yako, ni nani ambaye hapumziki ili wengine wapumzike? Je, yeye mwenyewe amewahi kuulizwa?


IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma sura inayohusu mapumziko na burudani katika kitabu cha Ellen G. White, Elimu. Soma pia Amosi 6:4–6 na 2 Wakorintho 5:17.

Neno shule liliingia Kiswahili kutoka Kijerumani, katika miaka ya utawala wa Wajerumani. Wajerumani walilipata kwa Kilatini, nacho kwa Kiyunani, ambako "skole" lilimaanisha muda wa mapumziko. Kwa Wayunani wa kale, mtu aliyepata nafasi ndiye aliyeweza kukaa na kujifunza. Wengi wao walipata nafasi hiyo kwa sababu watumwa walifanya kazi. Kwa hiyo ndani ya jina la Shule ya Sabato kuna pumziko mara mbili, na ndani ya historia ya neno hilo kuna onyo.

Wale aliowahukumu Amosi hawakukosa burudani. Walikuwa na vitanda vya pembe, nyama nzuri na muziki. Kosa lao ni kwamba hawakuhuzunika kwa ajili ya maangamizi ya Yusufu. Anayeumbwa upya katika Kristo anapewa macho ya kumwona aliye nje ya kivuli. Kama Sabato ni siku ya kuumbwa upya, basi Jumapili asubuhi ionekane kwa kila mtu wa nyumba: kwa baba, kwa mama, kwa watoto, na kwa yule anayefungua zizi.

Maswali ya Kujadili:

1. Neno starehe limeshuka hadhi katika mazungumzo ya watu. Je, kanisa linaweza kulirudishia heshima yake? Kwa maisha ya namna gani?

2. Mshiriki mmoja anasema: ninamlipa mchunga ng'ombe wangu vizuri, nami nampa Jumanne badala ya Sabato. Je, hilo linatimiza Kutoka 23:12? Toeni sababu za pande zote mbili.

3. Vijana wa kanisa lenu hupata wapi burudani inayowarudishia nguvu? Ni jambo gani moja ambalo kanisa linaweza kuanza kulifanya mwezi huu?

4. Orodhesheni kazi zote zinazofanyika katika siku ya maandalio. Nani huzifanya? Zinawezaje kugawanywa ili wote waingie Sabato wakiwa na pumzi?

5. Wauguzi, walinzi na madereva hufanya kazi siku ambazo wengine hupumzika. Kikundi chenu kinaweza kuwasaidiaje walio miongoni mwenu wapate pumziko la kweli?